Kiwiko cha Nafula Kisivutwe Tena

Kitale,
Jumatano, Agosti 2005

Kwa dada yangu Nekesa,

Nakusalimu wewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote pale nyumbani, na nauliza afya yako bila haraka, maana miaka hii nimekuwa nikiiuliza mbiombio, kama mtu anayeogopa kujibiwa. Mama anaendeleaje na miguu yake? Mahindi yamekauka ama bado mnachoma mabichi? Mimi ni mzima. Hapa Kitale mvua imeng'ang'ana, nguo inakaa kwenye kamba siku tatu bado ina maji, lakini kazi ipo na ninalala nimekula.

Barua yako ya Ijumaa ilinifikia jana. Nimeisoma mara nne. Unasema mwanao Nafula alianguka kutoka kwenye mpera wiki tano zilizopita, kiwiko cha kulia kikateguka, hospitali wakakirudisha na kukifunga plasta, na Jumatatu ya wiki jana plasta ilipotolewa mkono ulikataa kunyooka. Halafu ukaandika maneno haya, nayanakili usije ukasema nimeyabuni: "Tulianza kuvuta Jumanne, asubuhi na jioni, na maji moto na ile ndoo, vile ulinifanyia mimi. Lakini huyu sitamchelewesha vile tulichelewa na mkono wangu. Analia sana, lakini namwambia khocha wako, mjomba wa Kitale, ni daktari wa viungo, hii ni dawa yake."

Dada, acha. Kabla hujasoma mstari mwingine, acha. Usivute kiwiko cha Nafula tena, usikikande, usimbebeshe ndoo. Hiyo si dawa. Hiyo ndiyo iliyoharibu mkono wako, na aliyeuharibu si hospitali. Ni mimi.

Nimeshaandika. Nimekaa nikiangalia hayo maneno mpaka chai imepoa.

Utauliza kwa nini sikusema jana, maana nilipiga simu pale dukani na tukaongea. Nilipiga nikiwa na nia ya kusema. Lakini mwenye duka akapaza sauti, "Ni daktari! Ngojeni niweke kwa spika, watu wote wasikie!" Nikasikia watu kama sita hivi, mmoja anauliza, "Daktari, na huu mgongo wangu je?" Wewe ukaja ukicheka.

"Simiyu, kazi inaendelea. Leo imelia ko!"

"Imelia namna gani?"

"Si nimekuambia, ko! Ulisema ikilia ndiyo inarudi, ama?"

Nikasema, "Vuta polepole."

"Ati polepole! Polepole ndiyo ilinimaliza mimi," ukasema, na watu wakacheka, simu ikakatika, na wewe ukadhani salio limeniishia. Halikuisha. Nilikata mimi. Nilipaswa kusema "usivute", maneno mawili tu ukihesabu na jina lako, nikasema "vuta polepole". Kwa hiyo jana jioni umevuta, leo asubuhi umevuta, na sasa ninapoandika labda unavuta. Nimehesabu. Kutoka Jumanne ile hadi leo jioni ni mara kumi na nane. Barua hii nitampa mama wa vitunguu anayekuja soko la Chwele kesho, atakuletea mkononi. Itakapokufikia zitakuwa kumi na tisa. Ya ishirini isiwepo.

Na utauliza tena, Kitale si Ulaya, ni gari mbili na bodaboda moja, kwa nini nisije mwenyewe kesho kuliko kuandika? Nimejiuliza hilo pia. Najiogopa. Nikisimama mbele yako na Mama ameleta chai na kaka yetu Wanjala ananiita daktari, nitasema tena polepole. Karatasi haiwezi kurudi nyuma. Ikishafika, nitakuja Jumamosi.

Sasa turudi mwaka ule, miaka minane iliyopita, ulipoanguka kutoka kwenye pikapu pale sokoni, na mzigo wako wa vitambaa ukakuangukia. Nafula alikuwa na mwaka mmoja. Kiwiko kiliteguka hivi hivi kama chake, hospitali wakakirudisha vizuri, ukakaa na plasta wiki tatu. Plasta ilipotoka mkono ulikuwa mgumu. Hiyo ni kawaida, dada. Kila kiwiko kikifungwa hutoka kigumu. Nani kati yetu alijua? Hospitali walikuambia uutumie taratibu na urudi wauangalie. Ni mimi niliyesema hakuna haja ya kurudi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na jina sokoni. Nilikuwa nimevuta vidole vya wachezaji wa mpira, nikanyoosha vifundo vya miguu, na vingi vilipona, kwa sababu vingi vingepona hata kama ningevipigia filimbi. Basi nikajiona. Mama alikushika mabega, Wanjala akakalia miguu yako, wewe ukauma leso, na mimi nikashika kifundo cha mkono nikavuta. Siku kumi na nne, mara mbili kwa siku, mara ishirini na nane. Katikati tukakubebesha ndoo ya lita kumi. Siku ya tisa kiwiko kilikuwa kimoto kama sufuria, na mbele yake, ndani ya nyama, kulikuwa na kitu kigumu kama gunzi. Nilikigusa. Ukaniuliza ni nini hicho, nikakujibu bila kupepesa macho: "Ni plasta. Imekausha mafuta ya ndani. Hospitali wamekuharibu." Nikavuta siku tano zaidi.

Kile kitu kilikuwa mfupa. Nyama ya kiwiko kilichoumia ikilazimishwa inachanika ndani na kuvuja damu, na mahali pale mwili unajenga mfupa ambapo hapakuwa na mfupa. Ukiendelea kuvuta, unaujengea zaidi. Hakuna aliyekupitisha njia hiyo ila mimi.

Wacha nikuambie tunavyofanya sasa, si kwa kujisifu, ila uone tofauti kati ya kazi na ule ujinga wangu, ndio usirudie kwa mtoto yaliyofanyiwa mkono wako.

Nilipoanza kazi ya viungo hapa hospitalini, mkubwa wangu, Mama Wairimu, mtu wa familia za kutoka mkoa wa Kati waliokuja kulima huku zamani, alinipa mzee wa bega. Bega lilikuwa limeganda, haliinuki kupita hapa kifuani. Mimi na cheti changu kipya nikaushika mkono karibu na kiganja nikaanza kuinua. Mzee akauma meno, akasema, "Kijana, unanitibu ama unanikamata?"

Mama Wairimu akaja mbio. "Simiyu! Hiyo ni bega ya mzee wa watu, si ng'ombe imekwama kwa matope!"

"Lakini Madam, haitaki kwenda."

"Na wewe ukikataa kwenda mahali, mtu akikuvuta shati utaenda?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeiona leso yako.

Alinifundisha upya yale yale niliyofundishwa chuoni nikayapita kwa mtihani bila kuyaamini. Kwanza, usiguse kabla ya kupima, na upime upande mzima pia, maana mkono mzima ndio unaokuambia ule mgonjwa ulikuwaje. Pili, kiungo ukiweke pale kinapolegea, si mwisho wake kinapokaza. Kiwiko kinalegea kikiwa kimekunjwa kama digrii sabini. Sisi tulianza na chako pale kilipokwama na kwenda mbele. Tatu, mkono wako mmoja ushike mfupa mmoja utulie kabisa, wa pili usogeze mfupa mwingine, na yote miwili iwe karibu na kiungo, sentimita mbili au tatu. Mimi nilikuvuta kutoka kifundo, sentimita ishirini na tano hivi mbali. Piga hesabu kama mlango: ukiwa na jiwe kwenye bawaba, ukausukuma mlango kwa ukingo wa mbali, jiwe halitoki, bawaba ndiyo inang'oka. Ile ndoo ni vivyo hivyo. Kilo kumi kiganjani si kilo kumi kwenye kiwiko. Msuli unaoizuia umeshika karibu sana na kiungo, kwa hiyo mkono ukiwa umekunjwa, msuli unaweza kubeba mara sita, mara nane ya ule uzito. Msuli uliochanika, dada. Nilikupa wewe kilo themanini nikaita ndoo moja.

Halafu mfupa hauzunguki tu kama tulivyodhani, unazunguka na kuteleza kidogo kidogo juu ya mwenzake. Kinachokwama mara nyingi ni ule utelezi. Ndio tunaurudisha, milimita moja, milimita mbili, unarudia kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Kuna gredi nne. Ya kwanza na ya pili ni ndogo na laini, hazifiki mahali pa kukaza, hizo ni za kutuliza maumivu. Ya tatu na ya nne zinafika kwenye ugumu wenyewe, na haziendi huko mpaka maumivu yametulia na kiungo kimepoa. Mara mbili kwa sekunde, dakika moja hivi, unapumzika, unapima tena. Mgonjwa anaongea muda wote. Akinyamaza ghafla, simama. Kesho yake ukimkuta ameumia zaidi, jana ulizidisha, punguza. Na kiungo chenye moto, chenye uvimbe, au ambacho mfupa wake haujashika, hukigusi kabisa, unamrudisha kwa daktari.

Hakuna mahali pa kukalia miguu ya mtu. Hakuna leso.

Yule mzee alichukua wiki saba. Siku aliyoufikisha mkono kwenye kofia akaivua mwenyewe, alisema, "Sasa naweza kusalimia kanisa." Nikaenda nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji.

Sasa sikiliza ile inayoniumiza zaidi, maana mpaka hapa unaweza kusema, Simiyu hakujua. Ni kweli sikujua, nikivuta. Lakini mwaka wangu wa pili pale chuoni, mwalimu alitundika picha ya eksirei ya kiwiko, mbele yake kuna wingu jeupe ndani ya nyama. Akauliza darasa, "Nani anajua hii imeletwa na nini?" Wenzangu wakainamia madaftari. Mimi nilijua kabla hajauliza. Nilikuwa nimeligusa lile wingu kwa kidole. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Miaka mitatu nimejua na kunyamaza, na wewe unaendelea kuambia watu sokoni kwamba plasta ilikuharibu, na wengine wakakusikia wakakimbia plasta. Ninaowajua ni watatu. Nisiowajua siwezi kuhesabu.

Na nimekutazama. Ile picha ya kinamama wa kanisa uliyonitumia, umesimama safu ya pili, mkono wa kulia umekunjwa kama umebeba kikapu ambacho hakipo. Niliiweka mezani nikaweka kipimo juu yake. Digrii sitini na mbili. Kiwiko kufikisha mkono mdomoni kinahitaji karibu mia na thelathini. Najua ndiyo maana unakula ugali kwa mkono wa kushoto, na kwenye harusi unaketi kando na watoto ili wageni wasikuone. Najua unasalimia watu kwa kushoto ukisema "mniwie radhi". Najua hujawahi kumsuka Nafula hata siku moja, kichwa chake husukwa na jirani. Nilijua yote hayo na nikawa natuma salamu za Krismasi.

Mimi nami nina uchungu wangu, usidhani sina. Wanjala alisomeshwa, mimi nikaambiwa nina mikono. Nilipoondoka kuja kufagia hospitali huku, alisema mbele ya watu, "Daktari wa ufagio huyo anaenda," na hakuna aliyenisindikiza mpaka barabarani, hata wewe. Kutoka kwenye huo ufagio nilijisomesha mwenyewe miaka mitatu. Hilo bado linaniuma na sitaficha. Lakini kila mwaka nikitafuta sababu ya kutokuja nyumbani, ni hilo neno la ufagio nilikuwa nachukua, napangusa vumbi, nasema, ndiyo sababu. Haikuwa sababu. Sababu ilikuwa kiwiko chako. Nilikasirika nanyi ili nisione haya mbele yenu, na hasira ilikuwa rahisi kubeba.

Sasa kazi iliyopo. Mtoe Nafula mikononi mwa watu wote. Asivutwe na wewe, wala Mama, wala yule mkandaji wa Naitiri ambaye Mama humsifu. Maji moto nayo yakome. Mwache autumie mkono mwenyewe, akunje na kunyoosha mpaka pale anapoweza, asimame hapo, mara kumi, halafu aende akacheze. Apewe kijiko mkono huo, achane nywele zake nao, afute ubao nao. Anaponyoosha mwenyewe, mwili wake unajua mahali pa kusimama. Wewe ukimvuta hujui, na mimi sikujua. Viwiko vingi vya watoto hurudi hivyo, kwa miezi, si kwa siku. Usihesabu siku.

Lakini kwanza weka mgongo wa kiganja chako kwenye kiwiko chake, halafu kwenye kile cha kushoto. Kama cha kulia kina moto zaidi, au ukigusa mbele ndani ya nyama ukasikia kitu kigumu (unajua kinavyosikika, dada, hakuna anayejua kuliko wewe), au mkono unakunjika kidogo kuliko wiki jana, usinisubiri mimi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apigwe picha, na uwaambie ukweli: mkono umevutwa mara kumi na tisa. Usiseme ameanguka tena. Uongo wa namna hiyo ulianza kwangu, uishie kwangu.

Kuna jambo la mwisho na ndilo linalonifanya nishindwe kuinua uso. Mfupa kama ule wako, ukishakaa miaka na kupoa, kuna madaktari wanaoweza kuufungua na kuutoa. Si wote hufanikiwa, na si kila mkono unafaa, lazima waone picha kwanza. Lakini wapo. Hilo pia nimelijua miaka mitatu. Sikukuambia kwa sababu ungeuliza, "Mfupa gani?" na ningelazimika kujibu. Kwa hiyo umekaa miaka mitatu ya bure juu ya ile mitano, na hiyo siwezi kusema sikujua. Nimeuliza, kuna daktari wa mifupa anayekuja hapa Kitale mara moja kwa mwezi. Nimeandikisha jina lako. Ukikataa ni haki yako, lakini usikatae kwa sababu ya kunikasirikia mimi. Nikasirikie, na bado uje.

Barua hii naomba uisome kwa sauti mbele ya Mama na Wanjala. Nimefikiria kukuomba usiwasomee, nikaona huo ni uoga ule ule. Wao waliushika mwili wako kwa sababu mimi niliwaambia. Wajue hawakuwa na kosa. Na pale dukani pia waambie, kwa spika kama wanataka.

Salamu kwa Mama aliyenizaa, mwambie asiuchukue mzigo huu. Salamu kwa ndugu yetu mkubwa Wanjala. Tutaongea, si kwa barua. Salamu kwa jirani anayemsuka Nafula, namshukuru kuliko anavyojua. Na kwa Nafula, mpwa wangu, usimpe salamu zangu. Mwombe msamaha kwa niaba yangu, umwambie kwamba alipolia alikuwa na haki ya kulia, na sisi wakubwa ndio tulikosa kusikia.

Jumamosi nitafika kabla ya saa sita, na kipimo changu. Kama hutaki niingie ndani, sitabisha. Mtoe mtoto hapo uani kwenye mwanga, nimwangalie nikiwa nimepiga magoti, nikuambie digrii ngapi, halafu nirudi nilikotoka.

Ni mimi mdogo wako,
Simiyu